Ampli ya zamani na bafle mpya za bei kali: mambo ya kuchunguza mbele ya kuunganisha

Ampli iliyotengenezwa miaka 50 iliyopita inaweza kuendesha bafle za kisasa za bei kali na kutoa muziki mzuri sana. Inaweza pia kuunguza bafle hizo, ao kuungua yenyewe, kwa jioni moja tu. Tofauti kati ya mambo hayo mawili haionekani kwenye sura ya ampli, wala kwenye jina la kampuni, wala kwenye hesabu ya wati peke yake. Inapatikana kwenye tarakimu chache ambazo wauzaji wengi hawazitaji, na kwenye hali ya vipande vilivyo ndani ya chombo.

Jambo hili linawahusu watu wengi. Kuna anayebaki na ampli ya baba yake aliyependa rumba, na hataki kuitupa. Kuna anayepata bafle nzuri kutoka kwa ndugu aliye Ulaya. Kuna pia wale wanaotafuta kwa makusudi vyombo vya miaka ya 1970, kwa sababu vilitengenezwa kwa vyuma vizito na vinaweza kufunguliwa na kurekebishwa. Wote wanakutana na swali moja: je, hii ampli na hizi bafle zinaweza kuishi pamoja?

Kila ampli ina bafle za wakati wake

Ili kuelewa shida, ni lazima kurudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1946, Mmarekani Paul Klipsch alianza kuuza Klipschorn, bafle kubwa ya kuweka kwenye kona ya nyumba, iliyojengwa kwa mfano wa baragumu. Ilikuwa nyepesi kuendesha: wati chache tu zilitosha kujaza saloni nzima kwa sauti. Na hiyo ilifaa, kwa kuwa ampli za wakati ule zilikuwa za lampe, zile lampe za kioo zinazowaka ndani ya redio za zamani, na nguvu zake zilikuwa ndogo.

Mwaka wa 1954, Mmarekani mwingine, Edgar Villchur, alileta bafle iliyoitwa AR-1. Sanduku lake lilikuwa dogo na limefungwa kabisa, na hewa iliyo ndani ilifanya kazi ya springi. Besi ilishuka chini sana kwa sanduku la kadiri ile. Lakini kulikuwa na deni la kulipa: bafle ya namna hiyo inadai nguvu nyingi zaidi kutoka kwa ampli.

Kisha transista ilifika, na wati zikawa rahisi kupatikana. Katika miaka ya 1970, chombo kama Marantz 2270 kilitoa wati 70 kwa kila upande. Tangu hapo watengenezaji wengi wa bafle hawakuogopa tena kutengeneza bafle nzito za kuendesha, kwa sababu walijua kwamba mnunuzi atapata ampli yenye nguvu. Bafle nyingi za bei kali za leo zimejengwa kwa mawazo hayo: zinategemea kwamba nyuma yake kuna ampli ya kisasa, yenye uwezo wa kutoa umeme mwingi bila kuchoka.

Kwa hiyo swali la kwanza si kama ampli ni nzuri. Swali ni hili: ilitengenezwa ili iendeshe bafle za namna gani?

Tarakimu ya kwanza: wepesi wa bafle

Kwenye karatasi ya bafle kuna tarakimu inayoandikwa kwa desibeli, yaani dB. Inaonyesha sauti inayotoka ukiipa bafle wati 1 na kusimama umbali wa metre 1. Bafle ya dB 84 ni nzito. Ya dB 90 ni nyepesi kiasi. Ya dB 96 na zaidi ni nyepesi sana.

Tofauti kati ya 84 na 90 inaonekana ndogo, lakini hesabu ya desibeli haiendi sawa na hesabu ya sokoni. Kila mara unapoongeza dB 3, unahitaji kuzidisha wati mara mbili. Dakika mbili za hesabu zinatosha kuona maana yake.

Chukua bafle ya dB 84. Kwa wati 1 inatoa 84. Kwa wati 2, 87. Kwa wati 4, 90. Kwa wati 8, 93. Kwa wati 16, 96. Sasa chukua bafle ya dB 90. Ili kufika kwenye dB 96 ileile, inahitaji wati 4 tu. Na bafle ya dB 96 inafika pale kwa wati 1.

Maana yake ni kwamba ampli moja ya zamani ya wati 20 inaweza kuonekana dhaifu kwa bafle moja na kuonekana yenye nguvu kwa bafle nyingine. Ampli haikubadilika. Mzigo ndio uliobadilika.

Tarakimu ya pili: omu

Nyuma ya bafle kunaandikwa pia omu: 4, 6, 8, ao 16. Hiyo ni kadiri ya ukinzani ambao bafle inaweka mbele ya umeme. Omu zikishuka, umeme unaopita unaongezeka, na ampli inafanya kazi nzito zaidi.

Hapa tena hesabu ni rahisi. Ampli ikitoa volti 20 kwa bafle ya omu 8, inapitisha ampea 2.5, sawa na wati 50. Kwa bafle ya omu 4, volti zilezile zinadai ampea 5, sawa na wati 100. Kwa omu 2, ampea 10. Ampli nyingi za zamani hazikutengenezewa mzigo huo. Transfo inapata moto, transista zinapata moto, na mwishowe fyuzi inakatika ao transista zinakufa.

Kuna mtego mwingine. Omu zilizoandikwa nyuma ya bafle ni za makadirio. Ukweli ni kwamba omu zinapanda na kushuka kufuatana na sauti inayopita, kama ni besi ao sauti nyembamba. Mfano mzuri ni Bowers & Wilkins 801 D4, bafle ya Kiingereza ya bei kali sana. Kwenye karatasi yake kampuni inaandika omu 8 na wepesi wa dB 90, tarakimu ambazo hazitishi mtu yeyote. Lakini kampuni hiyohiyo inaongeza kwamba omu zinashuka mpaka 3. Mwenye ampli ya mwaka wa 1972 anayesoma 8 peke yake anaweza kuamini kwamba yuko salama, wakati katika sehemu fulani za muziki ampli yake inabeba mzigo wa omu 3.

Katika miaka ya 1980 jambo hili lilifika mbali sana. Bafle ya Kimarekani Apogee Scintilla ilijulikana kwa kufanya kazi kwenye omu 1. Ampli nyingi zilishindwa nayo. Leo bafle za namna hiyo ni chache, lakini somo linabaki: tafuta omu za chini kabisa, usitosheke na zile za makadirio.

Na onyo kwa wenye ampli za Kijapani za miaka ya 1970 zenye vitufe A na B kwa bafle mbili mbili: mara nyingi, ukibonyeza vyote viwili, bafle zinaungana na omu zinagawanyika. Bafle mbili za omu 4 kwa upande mmoja zinakuwa omu 2.

Wati kidogo zenye nguvu, wati nyingi zisizofaa

Mtu asiamini kwamba wati nyingi zinashinda siku zote. Mwaka wa 1978 kampuni ya NAD ilitoa ampli ndogo ya bei nafuu, NAD 3020, iliyoandikwa wati 20 tu. Ilipata sifa duniani kote kwa sababu ilikuwa na akiba: muziki ulipodai nguvu kwa ghafla, ao bafle iliposhuka omu, ampli hiyo ilitoa nguvu nyingi kuliko wati 20 zilizoandikwa. Ampli nyingine zilizoandikwa wati nyingi zaidi zilichoka mbele yake.

Kwa upande mwingine, nguvu ikizidi inaweza kuharibu. Kampuni ya Kiingereza ya Quad, ya Peter Walker, inatoa ushuhuda mzuri. Mwaka wa 1953 ilitoa ampli ya lampe Quad II, yenye wati 15. Mwaka wa 1957 ikatoa bafle ya ajabu, ESL, isiyokuwa na sumaku wala koni ya karatasi, bali karatasi nyembamba ya plastiki inayotikiswa na volti za juu. Ampli na bafle hizo ziliendana vizuri. Kisha mwaka wa 1975 Quad ikatoa ampli ya transista, Quad 405, yenye wati 100. Volti zake zilikuwa nyingi mno kwa ESL ya zamani, na kulikuwa na hatari ya kuitoboa kwa cheche. Ilibidi volti za 405 zipunguzwe kwa kifaa maalum mbele ya kuendesha ESL hiyo. Kampuni moja, vyombo viwili vyenye sifa kubwa, lakini haviunganishwi bila kuchunguza.

Kuhusu wati zilizoandikwa, mwaka una maana. Mbele ya 1974, wauzaji wengi nchini Marekani walijitangazia wati kama walivyotaka. Mwaka huo Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani iliweka sheria: anayetangaza wati za ampli ya nyumbani ni lazima aseme ni za kuendelea, kwa omu ngapi, kutoka sauti gani mpaka sauti gani, na kwa uchafu wa sauti kiasi gani. Kwa hiyo tarakimu za ampli iliyouzwa Marekani kisha 1974 zinaaminika zaidi kuliko zile za mbele yake.

Twita ndiyo inayokufa kwanza

Watu wengi wanafikiri kwamba ampli ndogo haiwezi kuunguza bafle kubwa. Si kweli. Ampli ndogo ikisukumwa kupita uwezo wake, haiwezi tena kufuata muziki: inakata vichwa vya mawimbi ya sauti. Sauti iliyokatwa hivyo inapeleka nguvu nyingi isiyo ya kawaida kwenye twita, yaani kipaza sauti kidogo cha juu. Waya wa ndani ya twita ni mwembamba kama unywele. Unaungua haraka.

Sikio linaweza kutambua hatari hiyo mapema. Sauti ya mwimbaji inaanza kuwa na mkwaruzo, matoazi yanakuwa kama mchanga, na muziki mzima unasongamana. Ukisikia hivyo, punguza sauti palepale. Usingoje moshi.

Ampli za lampe zina tabia zake

Ampli ya lampe ina transfo kati ya lampe na bafle. Nyingi zina vituo vitatu nyuma: 4, 8 na 16. McIntosh MC275 ya mwaka wa 1961, yenye wati 75 kwa kila upande, ni mfano unaojulikana sana. Ukiwa na bafle inayoshuka mpaka omu 3, jaribu kituo cha 4 kwanza, hata kama bafle imeandikwa 8.

Kuna jambo la pili. Ampli nyingi za lampe hazishiki bafle kwa nguvu kama ampli za transista. Omu za bafle zinapopanda na kushuka, sauti nayo inabadilika kidogo, na besi inaweza kulegea. Kwa bafle ambazo omu zake hazibadiliki sana, jambo hili halisumbui. Kwa bafle zenye wufa kubwa na omu zinazoruka ruka, linasikika.

Na sheria moja isiyovunjwa: usiwashe ampli ya lampe na kupitisha muziki bila bafle kuunganishwa. Transfo yake inaweza kuharibika.

Uzee hauonekani kwa nje

Hata tarakimu zikikubaliana, bado kuna afya ya ampli. Kondensa za ndani, zile zinazofanana na mikebe midogo, zinakauka kwa miaka. Zikikauka, ampli inatoa mngurumo, inapoteza nguvu kwenye besi, ao inaacha umeme usiotakiwa upite kuelekea bafle. Umeme huo ni wa moja kwa moja, kama wa betri, na unaweza kuunguza wufa bila muziki wowote kusikika.

Fundi anaweza kuupima kwa multimeta kwa dakika chache. Kwa ampli ya transista, anaiwasha bila bafle, sauti ikiwa chini kabisa, anaiacha ipate moto kidogo, kisha anapima volti za moja kwa moja kwenye vituo vya bafle, kulia na kushoto. Ikiwa chini ya milivolti 50, ni vizuri. Ikiwa ni volti kadhaa, ampli hiyo isiunganishwe na bafle yoyote mpaka itengenezwe.

Kwa ampli iliyolala miaka mingi, fundi mwangalifu haichomeki moja kwa moja kwenye prizi. Anaiwasha kupitia balbu ya zamani ya wati 60 ao 100, ile ya waya inayowaka na si ya LED, iliyowekwa kwenye njia ya umeme. Balbu ikiwaka sana kisha ikapungua, ni dalili nzuri. Ikibaki inawaka sana, kuna shoti ndani, na balbu imezuia hasara kubwa. Kazi hiyo ni ya fundi, kwa sababu kondensa kubwa zinaweza kushika umeme wa kuumiza hata kama ampli imechomolewa.

Umeme wa kwetu una masharti yake

Mtandao wetu ni wa volti 220. Ampli iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inataka 120, na ile ya soko la Japani inataka 100. Nyingine zina kitufe nyuma cha kuchagua volti, lakini si zote. Mtu anayechomeka ampli ya volti 120 kwenye prizi ya 220 anaweza kuiua kwa sekunde chache. Soma kibao cha nyuma mbele ya kitu chochote. Kama hakuna kitufe, ni lazima kununua transfo ya kushusha volti, yenye uwezo kupita ule ambao ampli inatumia.

Tena umeme unaoshuka na kupanda ni adui wa vyombo vya zamani. Volti zikishuka, ampli inafika kwenye mwisho wake mapema na kuanza kukata mawimbi. Umeme ukirudi kwa ghafla baada ya kukatika, mshtuko unaweza kupita mpaka kwenye twita. Stabilizateri nzuri inasaidia, na desturi moja isiyo na gharama inasaidia pia: umeme ukikatika, zima ampli na uichomoe, kisha ngoja dakika chache umeme utulie mbele ya kuiwasha tena.

Siku ya kuunganisha

Mambo madogo nayo yana uzito. Nyekundu iende kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi pande zote mbili. Ukigeuza upande mmoja, besi inapotea na mwimbaji haonekani tena katikati. Waya wa shaba wa milimetre za mraba 2.5 unatosha kwa metre chache za saloni. Hakuna sababu ya kununua waya wa bei ya bafle.

Simu, kompyuta ao chombo cha CD visichomekwe kamwe kwenye mahali palipoandikwa PHONO. Hapo ni pa sahani za zamani tu, kwa kuwa sauti ya sahani ni ndogo sana na ampli inaizidisha mara nyingi. Tumia AUX ao TUNER. Na usishangae sauti ikiwa kubwa mapema: chombo cha CD kinatoa volti 2 hivi, nyingi kuliko zile ambazo ampli nyingi za zamani zilizoea. Kitufe kikiwa robo tu, ampli inaweza kuwa tayari karibu na mwisho wake.

Kwa kusikiliza, hakuna kipimo kizuri kwa Mkongomani kuliko rumba iliyorekodiwa vizuri. Chagua wimbo unaoujua kwa moyo na ungoje sebene. Gitaa la solo, mi-solo na lile la kusindikiza yasikike kila moja mahali pake, na besi itembee bila kuvimba. Ongeza sauti pole pole. Magitaa yakianza kushikana kuwa kitu kimoja, umefika kwenye mpaka wa ampli hiyo na bafle hizo. Kisha gusa ampli: moto wa kawaida si tatizo, lakini ikiwa mkono hauwezi kukaa juu yake sekunde tano, mzigo ni mzito.

Kukubali ao kukataa

Ikiwa bafle ina wepesi wa dB 90 na zaidi, omu zake hazishuki chini ya zile ambazo ampli inakubali, na ampli imepimwa na fundi, unganisha bila woga. Ikiwa wepesi ni dB 84 hivi lakini omu ni nzuri, unaweza kusikiliza katika chumba kidogo na kwa sauti ya kiasi, bila kutafuta kelele za karamu. Ikiwa omu zinashuka mpaka 3 ao 2, na ampli imeandikwa omu 8 tu, kataa, hata kama muuzaji anasema kwamba ilifanya kazi kwake.

Katika hali hiyo ya mwisho, mtu ana njia mbili. Anaweza kununua ampli ya kisasa kwa ajili ya bafle zake, na kuitunza ile ya baba kwa bafle nyingine. Ao anaweza kuuza bafle nzito na kutafuta zilizo nyepesi, ambazo mara nyingi zinapatikana kwa bei ndogo kuliko ampli mpya yenye nguvu. Mbele ya kutoa feza, omba maelezo manne: mwaka wa ampli, volti zake, wepesi wa bafle kwa dB, na omu zake za chini kabisa. Muuzaji asiyekuwa nayo akuruhusu angalau kuleta fundi na multimeta yake. Akikataa na hilo, acha chombo hicho dukani.